Chini ya kikapu cha Komanda Maliro

Mwaka wa pili wa vita, bila karatasi ya Komanda Maliro hata kuku hakutoka Beni kwenda Butembo. Mimi nilikuwa nimekwama Beni wiki tatu, na Jumamosi Mariette, binti wa dada yangu, alikuwa anaolewa Butembo. Kwetu mjomba asipokuwapo kupokea mbuzi wake, hakuna arusi. Nikaenda bureau, ofisini kwake, kuomba karatasi.

Komanda akasema, "Ulishakuwa arbitre wa michezo Kisangani, nasikia. Ijumaa tunacheza basketi na madereva wa Butembo. Piga filimbi, kisha nitatia sahihi."

Mwenzangu wa filimbi alikuwa Mathe, mwalimu wa hesabu. Nikamwonyesha kazi. Mmoja anabaki nyuma ya mpira, anahesabu sekunde kumi za kuvuka katikati. Mwingine anatangulia chini ya kikapu, anahesabu tatu: mshambuliaji akizidisha pale, filimbi. Kosa la kugusana likipigwa, tunabadilishana.

"Na komanda anachezaga wapi?" Mathe akauliza.

"Chini ya kikapu."

"Anakaaga muda gani?"

"Mara ya mwisho nilipomtazama, aliingia kabla ya mapumziko, akatoka baada ya mapumziko."

"Basi muzee, mimi nipe zile kumi."

Lakini mpira ulipoanza, zile tatu zilimwangukia yeye. Komanda akajisimika, mikono juu kama antena. Mathe akahesabu moja, mbili, akatazama bastola ya komanda iliyoachwa kwenye kiti, akampigia filimbi askari aliyekuwa mbali anafunga kamba ya kiatu.

"Kugusana. Tubadilishane, muzee."

Sasa ni mimi. "Moja," nikasema polepole. "Mbili."

"Unahesabu nini?" komanda akauliza bila kugeuka.

"Watazamaji, afande."

Hapohapo nikaona askari mwingine amepitisha kiwiko karibu na shati ya dereva. Filimbi. Tukabadilishana.

Tukaendelea hivyo, Mathe ananirudishia zile tatu, mimi namrudishia. Makosa matano, mchezaji anatoka. Kipindi cha pili askari sita kati ya saba walikuwa kwenye benchi, na madereva wamebaki watatu. Komanda hakuwa na kosa hata moja. Alibaki peke yake wa timu yake, palepale, mikono juu.

"Nani ananipa mpira?"



Mathe akaninong'oneza, "Kanuni inasema timu ya mutu mumoja imeshindwa. Nani atamwambia?"

"Wewe. Hesabu ni yako."

"Hapana, muzee. Arusi ni yako."

Nikaenda, nikamwambia. Komanda akabaki palepale chini ya kikapu, na kwa mazoea nikajikuta nahesabu. Nilifika kumi na moja. Halafu akaomba kalamu na karatasi, akanigeuza, akaandikia mgongoni mwangu: *Hawa arbitre wawili wapite vizuizi vyote leo leo. Wasirudi Beni na filimbi.*

Mathe akaisoma mara mbili. "Lakini muzee, mimi ni mutu wa Beni."

"Rudi ukamweleze."

Akatazama nyuma, kisha akapanda pikipiki ya kwenda Butembo kabla yangu.