Bibi Harusi wa Tungsteni

"Usinililie hapa, binti. Machozi yana chumvi, na chumvi ni sumu ya maabara."

Mwanafunzi hakuwa analia. Profesa angelijua hilo kama angemtazama, lakini alikuwa akipangusa miwani yake.

"Sindano nimeinoa mimi," alisema mwanafunzi. "Wewe ulisema haiwezekani."

"Nilisema. Na sasa nasema matokeo ataandika mpwa wangu. Wewe una mtoto mchanga. Leo homa, kesho tumbo. Sayansi haisubiri nepi."

Mpwa alicheka. Alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, na ameshakirekebisha kimfae yeye.

Mbele yao, ndani ya chungu cha chuma kilichonyonywa hewa yote, ilisimama sindano ya tungsteni, metali ngumu, yenye ncha isiyoonekana kwa jicho. Maabara nzima iliiita Bibi Harusi, maana ikishaingia humo haiguswi tena, kama mwali aliyefungiwa ndani. Leza ilipoipiga kwa mweko mfupi kupita fikra, elektroni ziliruka nchani kabla chuma chenyewe hakijapata moto. Sindano za wengine ziliyeyuka siku ya kwanza. Hii ilivumilia. Mwanafunzi aliinoa akiwa na mimba kubwa, tumbo likigusa meza, pumzi ameibana mkono usitikisike. Namna ya kuinoa ilikuwa vidoleni mwake tu.

"Basi jina langu liwe la pili kwenye makala."

Aliisikia sauti yake ikinywea, akaichukia.

"Tutakushukuru mwishoni," alisema profesa, "pamoja na fundi umeme."

"Na shemeji, mumeo, atakula chakula cha moto," mpwa akadakia.

Hapo kitu kikapoa ndani ya mwanafunzi. Hasira angeitambua; hii haikuwa hasira.

"Ngoja nimwoneshe inavyoendeshwa," alisema kwa upole. "Asije akaiharibu."

"Sasa unaongea kama mtu mzima," alisema profesa.

Mwanafunzi aliinama juu ya bega la mpwa. Kwenye skrini, nukta za elektroni zilidondoka kama manyunyu.

"Hapa unapunguza mwanga. Hapa unaongeza. Ukivuka mstari huu mwekundu, ncha inayeyuka, inakuwa butu kama kichwa cha kiberiti."

"Sawa, dada, sawa."

"Mstari umeuona?"

"Nimeuona."

Mwanafunzi akauvuka.

Manyunyu yakawa mafuriko, skrini ikajaa weupe, kisha ikabaki nyeusi tii. Profesa akavaa miwani yake. Pampu tu ilinguruma, ikilinda utupu usio na kitu cha kulindwa.

Blauzi ya mwanafunzi ilikuwa imeanza kulowa maziwa. Akachukua mkoba wake, akatoka.