Ala ya Bastola

Kahigi alitoa risasi, akaiweka bastola juu ya meza ya kushonea ya mkewe. "Mama Nancy, nataka ala ya ngozi inayoienea hii tu. Iwe tayari kabla ya kikao cha ukoo."

Joanitha hakuuliza ya nini. Pale mtaani kwao Kitendaguro alizoea kushona viatu na mikanda. Kikao alikijua: ugomvi wa kibanja, shamba la ukoo huko Ijumbi alikozikwa baba mkwe, na shemeji yake Gozbert, mdogo wa Kahigi, aliyekwisha kung'oa mimea ya mpaka. Kibali cha bastola Kahigi alikipata kwa ajili ya biashara yake ya kahawa. Ila siku hizi alikuwa akilitaja jina la mdogo wake hata usingizini.

Angekataa, mumewe angekwenda kwa fundi mwingine. Basi akalowesha ngozi, akaikandamiza juu ya bastola, akafuata kila pembe kwa mfupa uliosuguliwa, akaishona kwa uzi wa nta. Ilipokauka ilibana kweli.

"Umenishonea kaburi?" Kahigi akacheka, akivuta kwa mikono miwili.

"Ngozi mpya ndivyo ilivyo. Inazoezwa."

Heri angenyamaza. Kila jioni mumewe aliketi sebuleni akichomoa na kurudisha, akichomoa na kurudisha, na Joanitha huko jikoni akasikia mkwaruzo ukipungua siku hadi siku, mpaka ukabaki mnong'ono.

"Njoo uone! Imekubali!" Kahigi aliita kwa furaha ya mtoto. Joanitha akatoka, akaangalia, akaambiwa mikono yake ina baraka.

Alfajiri ya kikao akaitumbukiza ala ndani ya maji yaliyochemshwa kwa ajili ya chai. Ngozi iliyoonja maji ya moto husinyaa na kukaza inapokauka. Hilo kila fundi analijua.

"Mbona mbichi?"

"Nimeilainisha mara ya mwisho. Ikukaukie mwilini, ishike umbo."

Kahigi akajaribu. Bastola ikateleza kama imepakwa samli. Akamshukuru, wakaondoka.

Jua la Ijumbi lilikuwa kali. Wanaukoo walitafuna buni za kahawa, wakajuliana hali, maneno yakaanza polepole, kisha yakachacha. Gozbert akasimama. "Waitu, ndugu zangu, huyu amekwisha kuuza kila kitu, sasa anataka kuuza kaburi la tata, baba yetu!"

Mkono wa Kahigi ukaingia chini ya koti. Mkono ukavuta. Ukavuta tena, mkanda ukapanda, na suruali ikapanda nao.

"Kaka, una upele?" akauliza Gozbert.

Ukoo mzima ukaangua kicheko. Kahigi akautoa mkono mtupu, akaketi. Wazee wakaahirisha kikao hadi Jumamosi nyingine.

Njiani kurudi, walipoipita Muleba mjini, Kahigi akasema, macho barabarani, "Kesho utashona nyingine. Nitakaa kando yako tangu unalowesha ngozi mpaka unakata uzi."

Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Sawa, Baba Nancy," akajibu Joanitha.