Arobaini na Saba Walisikia

Wanafunzi wangu waliniita Mjomba, na jina hilo nilijipa mwenyewe. Siku yangu ya kwanza kazini nilisimama mbele ya darasa la sita, shati langu bado lina mikunjo ya dukani, nikawaambia, "Mimi si mwalimu wa kuogopwa. Nichukulieni kama mjomba wenu." Wakapiga makofi. Nikatabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Nilikuwa nimeapa tangu zamani kwamba sitakuwa kama walimu walionifundisha mimi, watu waliokuwa wakiingia darasani na hewa inakatika.

Muhula wa kwanza mambo yalikwenda vizuri, au mimi niliona hivyo. Watoto walinikimbilia getini, wakigombania kunibebea madaftari. Ijumaa dakika kumi za mwisho zilikuwa za vichekesho, na nyota wa Ijumaa alikuwa msichana mwembamba wa dawati la pili. Tulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwa na kipaji cha kuigiza watu. Alimwigiza mwalimu mkuu anavyokohoa kabla ya kusema neno, alimwigiza mlinzi anavyosinzia huku amesimama. Lakini zaidi ya wote aliniigiza mimi, na mimi ndiye niliyemwomba. Alishika chaki kama mimi, akajikuna shingo kama mimi, kisha akasema kwa ile sauti yangu ya kubembeleza, "Jamani, jamani, tusikilizane basi." Darasa likavunjika mbavu. Mimi nikacheka kuliko wote.

Ulipofika muhula wa pili walikuwa wameshanipanda kichwani. Nikisema nyamazeni, wananyamaza muda wa kumeza mate tu, kisha kelele zinarudi. Nikitoa adhabu, wanajua nitaifuta kabla ya kengele. Nikinuna, mmoja ananiuliza, "Mjomba, umekasirika?" na mimi kicheko kinanitoka.

Ng'ambo ya ukuta wa mbao lilikuwa darasa la mwalimu mmoja wa makamo. Watoto walimwita Mama Rula kwa sababu hakukubali mstari uliopigwa kwa mkono mtupu. Darasa lake nalo lilicheka, nililisikia, lakini kicheko chao kilikuwa na mwisho. Mama Rula alisema "Haya" mara moja tu, bila kupaza sauti, na watoto wakainamia kazi. Nilimwonea wivu neno lile moja.

Siku moja baada ya masomo Redio alibaki kunisaidia kufuta ubao. Alifuta sehemu moja kwa muda mrefu mpaka ikang'aa.

"Mjomba, nikikwambia kitu utamwambia mtu?"

"Simwambii mtu."

"Apa."

Nikaapa. Akaniambia kwamba baba yake hayuko nje ya nchi kikazi kama watu wanavyodhani. Yuko jela. Alimsikia shangazi yake akizungumza kwenye simu.

"Nani mwingine anajua kwamba unajua?"

"Wewe tu."

Nilimshika bega, nikamwambia siri yake imefika pahali salama. Nikaenda nyumbani kifua kimejaa. Ningependa kusema kilijaa huzuni kwa ajili yake, lakini si kweli. Kilijaa fahari. Mtoto huyu, kati ya watu wote, amenichagua mimi! Hata leo uso unanishuka nikikumbuka jinsi nilivyotembea siku ile.

Wiki tatu baadaye mwalimu mkuu aliniita ofisini. Akakohoa kwanza.

"Jumatano mkaguzi anakuja. Darasa lako linasikika mpaka barabarani, mwalimu. Ukiniaibisha, sitakuwa na la kukutetea."

Jumatano mkaguzi aliingia, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, akakaa nyuma kabisa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakimfikia kifuani. Nilikuwa nafundisha kujumlisha sehemu. Niliandika theluthi mbili jumlisha robo, nikaanza kutafuta asili ya pamoja, nikaikosea. Nikafuta. Nikakosea tena. Jasho likafanya chaki iteleze. Minong'ono ikaanza dirishani, ikasambaa, madawati yakaanza kulia. Niligeuka nikasema kile nilichozoea kusema.

"Jamani, jamani, tusikilizane basi."

Kutoka dawati la pili sauti yangu ikanirudia, na mkwaruzo wake vilevile, "Jamani, jamani, tusikilizane basi."

Darasa likalipuka. Baadaye sana, nikiwa nimetulia, ndipo nilipoelewa kwamba Redio alikuwa akijaribu kuniokoa. Aliniona nimekwama, na kwa jinsi nilivyomfundisha mwenyewe, kicheko ndicho kilichokuwa kikinikwamua kila Ijumaa. Lakini wakati ule niliona kitu kimoja tu: kalamu ya mkaguzi ikiandika.

"Endelea," nilimwambia. "Endelea na mchezo huohuo. Baba yako naye alianza hivyohivyo, na sasa yuko jela."

Kelele zilikatika zote mara moja. Nilikuwa nimeutafuta ukimya ule kwa mihula miwili, na sasa nilikuwa nao, mzima, watoto arobaini na wanane hawapumui. Redio hakulia. Alinitazama kidogo, kama mtu anayehakikisha amesikia sawasawa, kisha akakaa, akafungua daftari, akaanza kunakili hesabu iliyokuwa ubaoni. Ile yenye makosa. Aliinakili kwa mwandiko mzuri.

Nami niliendelea kufundisha. Nilipata asili ya pamoja. Kila niliyemwita ubaoni alikuja haraka na kurudi haraka. Kengele ilipolia hakuna aliyesimama mpaka niliposema.

Mkaguzi alinipa mkono mlangoni. "Mwanzoni niliingiwa na wasiwasi, kijana. Lakini umewadhibiti. Nimependa."

Katika chumba cha walimu, mwalimu mkuu alinimiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, na wenzangu wakanitania kwamba kumbe simba alikuwa amelala tu. Nikacheka nao. Niliinywa chai ile yote.

Mama Rula alinisubiri niende kuosha kikombe, akanifuata.

"Ukuta ule haufiki juu," alisema. "Nimesikia."

"Mama, aliniigiza mbele ya mkaguzi. Ulitaka nifanyeje?"

"Sikukuuliza kitu, mwanangu." Alifungua bomba, akaosha kikombe chake, akakifuta. "Ulichokitumia kumnyamazisha, ulikipata wapi?"

Alinitazama mpaka akapata jibu, kisha akaondoka bila kuniaga.

Alhamisi Redio hakuja. Ijumaa hakuja. Dakika za vichekesho zilifika na hakuna aliyeziulizia. Watoto walikaa wamekunja mikono wakinitazama, wakanijibu "Ndiyo, mwalimu", "Hapana, mwalimu". Jumatatu dawati la pili lilikuwa bado lina nafasi. Jioni hiyo nilipiga moyo konde nikaenda kwao.

Mama yake alikuwa fundi cherehani. Walikaa chumba kimoja chenye pazia katikati, cherehani imewekwa mlangoni ipate mwanga, na sare za shule zisizokamilika zimerundikwa kitini. Nilijitambulisha. Aliondoa mguu kwenye pedali, lakini hakunikaribisha kukaa.

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Nilisema neno darasani ambalo sikupaswa..."

"Nimelisikia. Watoto wa jirani wamelileta kabla mwanangu hajavua viatu." Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Mwalimu, unajua mimi nilikuwa sijui?"

Sikumwelewa.

"Nilikuwa sijui kwamba anajua. Miaka miwili namwambia baba yuko kazini mbali. Kila mwezi namtungia salamu. Baba anasema usome kwa bidii. Baba anauliza umerefuka kiasi gani. Naye ananijibu, mwambie nimerefuka, mama, mwambie na viatu vimenibana." Sauti ilimkatika, akakohoa. "Kumbe alikuwa akijua. Alikuwa ananiachia niseme ili nisiumie. Mtoto wa miaka kumi na miwili alinibebea mimi, akaona mzigo umemzidi, akakupa wewe umshikie kidogo."

Ningefurahi ardhi ipasuke inimeze. Nilisimama pale mlangoni mikono imening'inia, mtu mzima na shahada yangu.

Pazia likasogezwa. Redio alitoka, amevaa nguo za nyumbani, nywele zimefumuliwa upande mmoja.

"Shikamoo, mwalimu."

Hakuwa amewahi kuniamkia vile, siku zote alikuwa akipaza sauti ya "Mjomba!" kutoka mbali. Nilimwitikia. Nikamwambia nimekosea, nimevunja kiapo, anisamehe.

"Sawa, mwalimu."

"Sitarudia tena, nakuahidi."

"Sawa."

Zile sawa mbili zilinichoma kuliko kama angenitukana. Nikamwuliza, "Unataka nifanye nini?"

Alifikiri. Mama yake alitaka kumkatiza, kisha akaacha.

"Hapa tuko watatu," alisema Redio. "Wewe ulisema mbele ya darasa zima. Arobaini na saba walisikia."

Usiku ule nililala kidogo. Asubuhi nilikwenda kwanza kwa mwalimu mkuu, nikamweleza kila kitu, nikamwambia nitaliomba darasa radhi na kwamba mkaguzi naye aandikiwe ukweli. Alikohoa mara tatu.

"Umepata sifa, unataka kuzitia maji? Ukiwainamia watoto leo, kesho watakukalia. Na barua kwa mkaguzi siandiki."

"Basi nitaiandika mimi."

"Andika. Jina lako liko hapo, si langu."

Kabla ya kengele nilimkuta Mama Rula anafungua madirisha ya darasa lake. Nilimweleza ninachotaka kufanya. Nilitarajia anisifu, tabia haifi upesi. Hakunisifu.

"Ukisimama mbele yao, usilie," alisema. "Ukilia watakuhurumia, watakubembeleza, na kazi yako itakuwa imehamia kwao. Wewe umezoea watoto wakutunze moyo."

"Mimi nawapenda wale watoto, mama."

"Najua. Na unataka wakupende, kila siku, kila saa, mpaka huwezi kumwambia mtoto kaa chini. Siku ulipoogopa hukuwa na neno la kawaida la kumwambia, ukaokota jiwe." Alisukuma dirisha la mwisho. "Nenda. Wanakusubiri."

Redio alikuja siku hiyo. Mama yake alimsindikiza mpaka mlangoni, kisha akabaki nje, kidogo tu, mahali anapoweza kusikia. Sikumwita Redio mbele, wala sikumtazama sana. Nilisimama mikono nyuma.

"Jumatano nilisema neno baya kuhusu familia ya mwenzenu," nilisema. "Neno lile aliniambia kwa kuniamini. Nilikuwa nimeapa kutolisema, nikalisema ili nionekane mwalimu hodari. Kosa halikuwa lake. Ni mimi niliyemfundisha kuniigiza, na nikamwadhibu kwa nilichomfundisha. Namwomba radhi mbele yenu. Na nyie nawaomba radhi, kwa sababu mliona mtu mzima akifanya hivyo mkadhani inaruhusiwa."

Dirishani mvulana mmoja mwenye kicheko chepesi akatoa sauti ya pua, akamgusa mwenzake kiwiko.

Zamani ningejifanya sikuona, au ningecheka naye. Nilimtazama.

"Hili si la kuchekwa," nilimwambia. "Kaa sawa."

Sikupaza sauti. Alikaa sawa. Ukimya uliofuata haukuwa ule wa Jumatano. Niliwasikia wakipumua, mtu akasogeza mguu, kalamu ikaanguka ikaokotwa.

"Fungueni madaftari," nikasema. "Ile hesabu niliikosea tangu mwanzo. Tuianze upya."

Nilipougeukia ubao nilijua mama yake Redio ameondoka, kwa sababu kivuli hakikuwepo tena mlangoni.

Singependa kudanganya kwamba siku ile ilimaliza mambo. Barua niliipeleka, na kwenye faili langu sifa ya mkaguzi imefuatwa na onyo, lipo mpaka leo. Watoto walinijaribu kwa wiki kadhaa, na mara nyingine nilishindwa, nikabembeleza, au nikafoka. Polepole nilijifunza kutoa adhabu ndogo na kuisimamia mpaka mwisho, kisha kumsalimia aliyeadhibiwa kesho yake kama vile hakuna kitu kati yetu. Walianza kucheka tena darasani, na mimi nikaanza kujua wapi pa kusema basi.

Redio alisoma, akafaulu, akaongea na wenzake kama zamani. Hakuniigiza tena, wala mtu mwingine yeyote. Kipaji hicho nilikivunja mimi, na hakuna barua niliyoweza kumwandikia mtu yeyote ili kirudi.

Mwezi wa mwisho wa mwaka aliniletea kikaratasi, kimeandikwa na mama yake kwa kalamu nyekundu. Aliomba ruhusa mtoto asije Alhamisi. Sababu ilikuwa maneno mawili: safari, familia. Redio alisimama kando ya meza yangu, mikono imeshikana mbele, akinitazama usoni. Kila mtu mjini anajua Alhamisi ni siku ya kutembelea wafungwa.

Maswali yalinijaa mdomoni. Mara ya ngapi hii? Baba hajambo? Amekuona ulivyorefuka? Nilitaka kumwonyesha kwamba ninajua, kwamba ninajali, kwamba bado mimi ni yule wa kuambiwa.

Nilichukua kalamu nikasaini.

"Kazi ya Alhamisi utaichukua kwa mwenzako," nilimwambia. "Ijumaa nitaisahihisha."

Alisubiri kidogo, kama anayengoja nimalizie. Nilikuwa nimemaliza. Akakunja kile kikaratasi mara mbili, akakitia mfukoni mwa sketi.

"Asante, mwalimu," akasema, akarudi mahali pake.