Wajina Wangu wa Kwenye Beseni

Kaka yangu Misheck ana mabinti watatu, na hakuna hata mmoja anayeitwa Nkirote. Wa kwanza aliitwa Karwirwa, jina la mama yetu, na hapo sikuwa na neno. Ndivyo inavyokwenda kwetu Meru: msichana wa kwanza ni wa mama yake baba. Wa pili akaitwa Kinya, jina la mama yake Regina, mke wa Misheck. Hapo pia nikanyamaza, maana zamu ni zamu. Wa tatu zamu ilikuwa yangu. Mimi ndiye shangazi wa pekee, nimekaa hapa Makutano na cherehani yangu, nimewashonea nguo za Krismasi tangu wakiwa wa kubebwa. Nilinunua lesso na blanketi mapema, kwa sababu wajina wako humwendei mikono mitupu. Nikafika Laare na mfuko wangu, nikaambiwa mtoto anaitwa Makena, jina la dada yake Regina, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa amewaletea tenki la maji. Hongera kwa tenki.

Baada ya huyo wa tatu daktari akawaambia watosheke. Mimi sikuzaa. Nimesema, tuendelee. Ila kwetu jina la mtu hubebwa na mtoto, na la kwangu halikuwa na wa kulibeba, kwa hiyo siku nitakayozikwa litazikwa nami. Hilo liliniuma, na bado nikawa naenda Laare kila sikukuu nikitabasamu hadi mashavu yanauma.

Karwirwa anaishi nami kwa sababu ya shule. Muhula uliopita alienda kwao Laare mapumziko mafupi, akarudi na bunda la majani ya mgomba chini ya kwapa. Nikajua baba yake amenitumia miraa. Misheck anajua vizuri sana kwamba sitafuni miraa, lakini huyo hajawahi kuzuiwa na kujua kitu.

Nikafungua bunda juu ya meza ya kukatia nguo. Ndani hamkuwa na miraa. Kulikuwa na kobe wa majini, mchanga kabisa, saizi ya kifungo kikubwa cha koti, ananitazama kama mteja aliyeletewa suruali fupi.

"Nilimtoa kwa kidimbwi cha pale chini ya shamba," Karwirwa akasema. "Nikamfunga asikauke."

Mtoto wa mfungaji miraa akitaka kusafirisha kitu kibichi, anafikiria njia moja tu. Alikuwa amemfunga kitaalamu, majani yamelala upande mmoja, kamba imekazwa panapotakiwa. Angempitisha kwa mawakala wa miraa wa Laare bila kujulikana, na jioni kobe angekuwa Mogadishu.

"Kesho anarudi kwao," nikasema.

Shueib, anayeuza vipuri vya pikipiki duka la pili, alikuwa amekuja kuchukua kanzu yake. Akainama akamwangalia. "Dada Nkirote, huyu ni mnyama wa porini. Ni mali ya serikali. Umefungia serikali kwa majani ya mgomba."

"Si mimi, ni huyu."

"Watu wa wanyamapori wakikuja watauliza mwenye nyumba." Akachukua kanzu yake akaenda, amefurahi sana.

Nikamgeukia Karwirwa. "Umesikia. Kesho."

"Sawa, anti," akasema polepole, akitazama sakafu. "Lakini nilikuwa nimeshampa jina. Anaitwa Nkirote."

Huyo mtoto ana akili ya kuogopesha. Alijua kwamba mtu akishaitwa kwa jina lako humfukuzi mlangoni. Alijua pia ni jina lipi katika ukoo mzima lilikuwa bado liko wazi. Nikakaa kwenye kiti changu cha kushonea nikatafuta hasira, nikaikosa.

"Umejuaje ni wa kike?"

"Ako na uso kama wako."

Basi ndivyo nilivyopata wajina. Wengine hupata mtoto mnono aliyefungwa shali, mimi nikapata mwenye mkia. Na kwa kuwa mila ni mila, nikaenda sokoni nikamnunulia beseni la buluu, jipya, lenye maua pembeni. Lile blanketi lilikuwa limeshaenda kwa Makena, na hata hivyo hakuonekana kuhitaji blanketi.

Nilimweka dukani, kando ya cherehani, na jiwe moja la kupandia. Mtaa mzima ukawa na utaalamu. Fundi viatu akasema kobe anakula sukuma wiki. Mama wa mboga akaleta karoti, akamkatia vipande vidogo kama vya pilau. Osob, mke wa Shueib, akaleta nyama mbichi iliyosagwa, na hiyo alionja, akaacha. Jamaa mmoja wa stendi akashauri tumpe miraa, ati ametoka Laare, ameizoea. Kila mmoja alikuwa na dawa, na hakuna aliyekuwa amewahi kufuga kobe.

Halafu ananuka. Ukimshika anatoa harufu ambayo siwezi kuieleza mbele ya watu wazima. Wateja walikuwa wakipimwa kiuno huku wamejishika pua. Mimi nilikuwa nimeshazoea. Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilipokutana kwangu nikawaambia bila aibu, "Kaeni mbali na beseni, wajina wangu amelala." Wakacheka hadi chai ikawamwagikia. Mmoja akauliza kama nitamfanyia sherehe ya jina. Nikamwambia yeye mbona wajina wake alikimbilia Embu na mume wa mtu na hatukumcheka. Kikao kikaendelea kwa heshima zake.

Ukweli ni kwamba nilimpenda. Nilikuwa nikikanyaga cherehani ninamweleza habari za wateja, nani ananenepa, nani amebadilisha vipimo ghafla na hajaolewa. Asubuhi nikifungua duka nasema, "Umeamkaje, Nkirote?" Sijawahi maishani mwangu kumwamkia mtu kwa jina hilo, na lilikuwa tamu mdomoni.

Karwirwa ndiye aliyeanza kusema kwamba hayuko sawa. Jioni moja alirudi kutoka shule, akachutama kando ya beseni, akakaa hapo muda mrefu bila kuvua hata mfuko wa vitabu.

"Anti, hafungui macho vizuri."

"Ana usingizi."

"Jana pia ulisema ana usingizi. Na mgongo wake ni laini. Mshike."

Nilikuwa nimeshamshika. Nilijua. Ule mgongo ulikuwa ukibonyea kama kola ambayo fundi mvivu hajaitia kitambaa kigumu ndani. Nilikuwa nimelihamisha beseni hadi mlangoni apate jua, nikalirudisha kwa sababu ya vumbi la malori, nikabadilisha maji hadi mwenye nyumba akauliza kama nimefungua mahali pa kuoshea magari.

"Tumrudishe kwa kidimbwi," Karwirwa akasema.

Nikamcheka. Nilitaka kumcheka hadi aache. "Ulimtoa huko ukamfunga kama miraa, ukamleta kwangu, ukampa jina langu ili nisimfukuze. Sasa nimemnunulia beseni ndio unakumbuka kidimbwi?"

"Nilikuwa nataka akae na mimi."

"Na mimi ninataka akae na mimi. Kuna ubaya gani? Watoto wa baba yako wote wana wajina, na wajina wao wanawatembelea na mayai. Mimi niko na huyu tu. Akienda huko matopeni ni nani ataitwa Nkirote?"

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Fundi viatu nje akaacha kupiga nyundo.

Karwirwa hakulia. Ana ukali wa mama yetu, ndiyo faida ya kupewa jina vizuri. "Akifa hapa," akasema, "tutaambia watu Nkirote alikufa kwa beseni. Mimi sitaki kusema hivyo. Ni jina lako."

Nilikuwa na maneno mengi, mimi sikosi maneno, lakini yote yalikuwa ya kunifaa mimi tu, hakuna hata moja lililomfaa yule mdogo kwenye maji. Nikakata kipande cha kanzu ya mtu vibaya. Kisha nikamtuma mtoto kwa mama wa ndizi alete majani ya mgomba.

Jumamosi tukafika Laare. Misheck alikuwa kivulini na vijana wake wanafunga miraa ya soko, akaliona bunda mkononi mwangu akacheka hadi akakaa chini. "Dada, wewe ndiye wa kwanza kuleta mzigo Laare kutoka Makutano. Kwa kawaida mizigo inaenda upande ule mwingine."

"Cheka tu. Huyu ni wajina wangu, na amekuja kwenu bila tenki."

Regina, aliyekuwa akiwaandalia vijana chai, akainamisha uso kwenye sufuria. Misheck akaacha kucheka. Sikuwa nimewahi kulisema. Nikalisema hapo mbele ya wafungaji wote, mchana, nikaona mwili umekuwa mwepesi.

Kidimbwi kiko chini ya shamba, mahali kijito kinapojikunja na watu huteka maji ya kumwagilia miche. Karwirwa alifungua majani akamweka kwenye tope ukingoni. Kobe alikaa pale bila kusogea, nami nikaanza kuomba mambo mawili kwa pamoja, aende na asiende. Kisha akanyoosha shingo, akajisukuma, akaingia. Hakuaga, na hakuwa na sababu ya kuniaga. Mimi ndiye niliyelia, tena kwa kamasi, na Karwirwa akanipa lile jani la mgomba nijipanguse.

"Nkirote!" Karwirwa akaita kwenye maji. "Nkirote, kula vizuri!" Wanawake waliokuwa wakiteka maji ng'ambo wakageuka kumtafuta huyo Nkirote. Kila Karwirwa alipokwenda kwao baada ya hapo aliendelea hivyo hivyo, na wadogo zake, Kinya na Makena, wakafuata, wanasimama ukingoni wanaita hadi wapigiwe kelele warudi nyumbani.

Mimi nilikaa bila kwenda Laare hadi Krismasi. Niliposhuka stejini na mfuko wangu wa nguo za sikukuu, nikachukua pikipiki ya kijana nisiyemjua. Nikamwambia anipeleke kwa Misheck, mfungaji miraa.

Akafikiri. "Misheck wa wapi? Wa Kwa Nkirote?"

Nikadhani nimesikia vibaya. "Kwa nani?"

"Kwa Nkirote, pale chini kwa kidimbwi. Watu wote wanapaita hivyo. Hupajui huku, mama?"

"Na huyo Nkirote ni nani?"

Kijana akapiga teke pikipiki ikawaka. Alikuwa na haraka ya Krismasi, lakini alinijibu kwa adabu, kama mtu anayemfundisha mgeni. "Ni mama fulani wa zamani. Simjui, lakini lazima alikuwa mtu wa maana. Kila siku ukipita hapo unasikia watoto wake wakimwita."

Nikakumbatia mfuko wa nguo kifuani. Ningeweza kumrekebisha, na wanaonijua wanajua jinsi ninavyopenda kurekebisha watu.

"Basi nipeleke hapo," nikamwambia. "Kwa Nkirote."