Togwa ya Harusi na Hesabu ya Fundi Cherehani

Siku moja kabla ya harusi ya binti yake Jane, Honorata wa Bombambili alikuwa amekaa kwa raha zake, na haki hiyo alikuwa nayo. Madumu manne ya togwa, ya lita ishirini ishirini, yalikuwa yamejipanga jikoni. Kimea cha ulezi alikiotesha mwenyewe, uji akaukoroga mwenyewe, mwiko hakumpa mtu. Wageni ni mia mbili, kila mmoja na kikombe chake. Alikadiria kwa macho, kama alivyofanya mama yake.

Basi akaja Saimon. Huyu ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi cherehani pale Mfaranyaki. Mtu mwema, ila mdomo wake hauna breki. Alileta vikombe vya plastiki vya shughuli. Akageuza kimoja, akasoma kitakoni: mililita mia tatu.

"Shemeji, umepiga hesabu kweli? Mia tatu ni lita tatu. Watu mia mbili, lita mia sita. Hayo ni madumu thelathini! Wewe unayo manne."

"Lita tatu zimetoka wapi?"

"Mita ina sentimita mia, lita ina mililita mia. Mimi nakata vitambaa kila siku, utanifundisha vipimo?"

Jamani! Honorata alimkumbuka jirani yake Emerensiana, ambaye togwa ilimwishia katikati ya harusi. Akina mama wa upande wa bwana harusi walivifunika vikombe vitupu kifudifudi mezani, wakaanza kumwimbia, na tangu hapo mtaa mzima humwita Mama Vikombe. Mtu mzima na heshima zake, anaitwa hivyo hata nje ya kanisa! Na kimea hakioti kwa usiku mmoja, hata ukipigie magoti. Honorata akaketi juu ya ndoo, machozi yakimlengalenga.

Akakitazama kile kikombe kwa chuki. Kilienea vizuri tu kiganjani. Lita tatu? Lita moja ya mafuta ya kula anaibeba kutoka dukani kila mara, mkono wake unaijua. Akainuka, akajaza maji kwenye chupa ya lita moja, akaanza kumimina. Kikombe cha kwanza kikajaa. Cha pili kikajaa. Cha tatu nacho kikajaa, na chupani maji yakabaki kidogo.

"Shemeji," akaita kwa upole wa kutisha, "njoo uione lita yako."

Saimon akaja, akatazama, akakuna kichwa. Akaokota chupa ndogo ya maji, ile ya nusu lita, akasoma ubavuni: mililita mia tano.

"Kama nusu ni mia tano," akasema taratibu, "basi lita nzima ni elfu. Lo! Elfu, si mia."

"Haya, rudia hesabu yako."

"Mia tatu mara mia mbili, elfu sitini. Lita sitini. Madumu matatu!"

"Na mimi ninayo manne!" Honorata akacheka, machozi yale yale yakapata kazi nyingine. "Nusura uniue, mwanamume wewe! Sentimita zako ziache kwenye nguo. Vya kunywa niachie mimi."

Kesho yake vikombe vilizunguka, waliotaka nyongeza wakapata, na hakuna aliyefunika kikombe. Shughuli ikielekea mwisho, Theodosia, mama wa bwana harusi, akaingia jikoni. Honorata akadhani amekuja kulalamika. Theodosia akachomoa kidumu kitupu cha lita tano kutoka chini ya khanga yake.

"Mkwe wangu, togwa hii siwezi kuiacha. Kuna ya kubeba?"

Honorata alilivuta dumu la nne, likiwa bado na zaidi ya nusu, akamjazia mpaka shingoni.

"Hizo ni mililita ngapi?" Saimon akauliza mlangoni.

"Elfu tano," akajibu Honorata bila kuinua macho. "Na wewe lete kikombe chako, mchokozi."