Bomba la Kobalti

Mkuu wa maabara alitaka ripoti saa saba. Ilikuwa saa tatu asubuhi, na grafu ya sampuli ya vumbi iliyokuwa mbele yangu sikuiamini hata kidogo.

Vumbi lilitoka kwenye mtambo wa kusagia mawe ya chuma, anakofanya kazi kaka yangu. Mtambo ulikuwa umefungwa ukisubiri jibu letu: vumbi lina asbesto, zile nyuzi za mawe zinazoua mapafu, au halina. Tukisema halina, kaka anaingia zamu saa nane.

"Si safi hiyo?" mkuu akauliza. "Sioni kilele cha asbesto."

"Hakionekani, bosi. Tunapima kwa bomba la eksirei la shaba. Miale ya shaba ikigonga chuma, chuma nacho kinatoa miale yake. Ona mstari wa chini ulivyopanda. Kilele kidogo kinazama humo."

"Miaka yote vumbi la mtambo huo tunalipima kwa shaba."

"Ndiyo maana naogopa."

Aliguna, akaenda zake. Haraka haraka haina baraka, lakini siku ilipofundishwa methali hiyo nadhani bosi wangu hakwenda shule.

Fundi wa mashine, tunayemwita Taratibu kwa mwendo wake, alinisaidia kufunga bomba la kobalti, ambalo miale yake haikichokozi chuma. Siku hiyo hata yeye mikono ilikwenda mbio. Saa sita na nusu nikapima. Mstari wa chini ulilala vizuri, ila vilele vyote vilikuwa vimehama, havilingani na madini yoyote. Mkuu alikuwa amesharudi, anatazama saa.

Taratibu akachungulia kompyuta. "Dada, bomba umebadilisha, lakini humu bado umeandika shaba."

Nilijitukana kimoyomoyo, nikaandika kobalti. Vilele vikakaa mahali pake kimoja kimoja. Na pale kwenye digrii kumi na mbili na kidogo kilisimama kimoja ambacho shaba haikuwahi kutuonyesha. Asbesto ya bluu. Mkuu akavuta kiti, akaketi.

Nikampigia kaka. "Usiingie zamu. Vumbi lina asbesto."

Akakohoa. "Mdogo wangu, si wewe uliniambia ni safi? Barakoa niliacha kuvaa kwa sababu yako."

"Nilipima vibaya, kaka," nikamwambia. "Miaka sita yote."