Mtani Aliyekuja na Tai

Mume wangu Ladislaus alikuwa na ombi moja tu la siku ya kuzikwa kwake. Hakuomba jeneza la vioo wala kwaya ya kutoka mjini. Aliniambia, "Brigita, nikifa, Eusebio anitukane vizuri. Asiponitukana nitaona aibu huko niendako. Watasema huyu hakuwa na watu."

Nikamwambia sawa. Niliona ni ahadi nyepesi. Eusebio ni Mngoni, sisi ni Wamwera, na utani wetu ni wa tangu babu zao walipokuja kuwasumbua babu zetu. Msibani kazi ya mtani inajulikana. Anamwiga marehemu, anamwaga mambo yake hadharani, anadai kuku, watu wanacheka mpaka kamasi zinachanganyika na machozi. Mtani hakatazwi wala hanuniwi.

Na kwa Ladislaus ya kusema yalikuwepo. Alikwenda Vita vya Kagera kijana mwembamba, akarudi amenenepa. Watu wakauliza, vita gani hii inanenepesha? Kumbe alikuwa mpishi wa kikosi. Eusebio walikuwa naye hukohuko, na vita ilipokwisha wakarudi wote Nachingwea.

Ladislaus akafungua hoteli karibu na soko. Chai, maandazi, supu. Ila jeshi halikumtoka. Alfajiri anapuliza filimbi, wateja wanajipanga mstari, anakagua kucha. Mwalimu mmoja mgeni, mtu wa Kilimanjaro, aliambiwa akanyoe ndevu kwanza. Akaenda kweli, akanyoa, akarudi supu imekwisha. Watu wa korosho walipofika na vumbi lao, aliwarusha kichurachura mlangoni ili vumbi lidondoke nje. Nao waliruka, watu wazima na matumbo yao, maana supu ile ilikuwa tamu.

Ukutani alitundika sufuria lenye tundu. Kila mgeni alihadithiwa risasi iliyolipata sufuria lile likiwa mgongoni mwake. Eusebio anakunywa chai palepale, anajibu hata kichwa hainui: "Lilitobolewa na maharage. Aliyabandika akaenda kulala." Ndiyo ilikuwa redio yetu, asubuhi zote, mpaka wakazeeka.

Basi mwaka huu msimu wa korosho ulipoanza, Ladislaus akajilaza mchana, hakuamka. Tukamchukua mpaka kwao Mandawa, upande wa Ruangwa, kwa barabara ile ya vumbi. Tulishuka wafiwa wote tumekuwa wekundu, hata hatukujuana.

Mwanangu wa kwanza, Maximilian, anafanya kazi serikalini Dodoma. Ni mtoto mzuri, ila kazi imemzoesha ratiba. Alikuja na ratiba ya mazishi iliyopigwa chapa, na wakubwa wake wakaja nyuma yake ndani ya gari lenye kiyoyozi.

Mimi nilikuwa kwenye mkeka na akina mama, kanga kichwani, namngoja Eusebio. Mara bodaboda ikafika, akashuka amevaa suti nyeusi na tai. Nikafurahi. Nikajua huo ndio mwanzo wa utani wenyewe, maana tangu nimfahamu sijamwona na tai. Lakini akapita kimya, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akaanza kulia. Si kilio cha mchezo. Kilio chenyewe, cha mabega.

Jirani yangu Semeni akaninong'oneza, "Dada, mtani analia."

"Namwona."

"Sasa sisi tutachekeshwa na nani?"

"Labda analia kwa utani. Tungoje."

Tukangoja. Mimi kungoja naweza, nilimngoja mume akiwa vitani, sembuse kichekesho. Misa ikapita, Eusebio analia. Tukaenda makaburini, analia. Nikaona sasa jeneza linakaribia shimo na mume wangu hajatukanwa hata kidogo. Nikamwita Maximilian.

"Baba, Eusebio amepatwa na nini?"

"Hajapatwa na kitu, Mama. Nilimpigia simu. Nilimwomba awakilishe askari wenzake, aseme maneno mafupi kwa adabu. Mambo ya utani nilimwambia hapana. Kuna wageni."

Ahadi yangu ilikuwa inaingia kaburini mbele ya macho yangu, na mjane kwa desturi yetu anakaa kimya.

Eusebio akaitwa. Akasimama pembeni ya shimo, akajifuta kwa ile tai. "Ndugu waombolezaji. Marehemu alikuwa askari shujaa. Alikuwa mtu mpole, asiye na makuu..."

"Mwongo!" nikasema.

Padre akageuka. Semeni akanivuta kanga, nikaiacha mkononi mwake nikasimama.

"Mama, tafadhali," akasema Maximilian.

"Nyamaza, naongea na mtani wangu. Wewe Mngoni! Nani kakwambia uje kulia hapa? Mmeishiwa ulanzi huko kwenu, umekuja kulilia pombe kwenye msiba wa watu?"

Eusebio akanitazama. Mdomo ukamcheza. "Shemeji, nimeambiwa adabu."

"Na Mngoni adabu ameipata wapi? Babu zako walikuja hapa wakatuibia mpaka kuku wanaoatamia!"

"Tuliwaibia kwa sababu hapakuwa na mtu!" Sauti ikamrudi. "Wamwera mlipotuona mlikimbia, mpaka leo hamjasimama! Huyu peke yake ndiye amesimama, na amesimama kwa sababu amekufa!"

Watu wakalipuka. Eusebio akaivua tai, akaifunga kichwani. "Shujaa gani? Risasi gani? Maharage! Nchi nzima inapigana, yeye analala, sufuria linatoboka, tunakula mkaa! Nipisheni nipime hili shimo, huyu ana tumbo, atakwama!"

Akajirusha kaburini. Mzee mzima, na suti yake. Akalala chali, akakoroma kama Ladislaus alivyokoroma, filimbi kabisa. Akina mama wakashikana viuno.

Kisha akanyamaza. Halafu tukasikia, "Nitoeni."

Watu wakacheka.

"Jamani, nitoeni, goti limegoma."

Wakacheka zaidi. Katekista akakaa chini kabisa, kwenye udongo.

"Nasema kweli! Si utani huu! Hili goti kweli limegoma!"

Kila akisema kweli, watu wanazidi. Mkubwa mmoja wa Dodoma alivua miwani akawa anapangusa macho. Padre alijifunika uso kwa kitabu cha sala, na kitabu kinatikisika. Ni mimi tu niliyeiona sura ya Eusebio kule chini, nikajua hadanganyi.

"Max," nikasema, "shuka ukamtoe mzee."

Mwanangu akaangalia viatu vyake, vile vyeusi vinavyong'aa. Akaangalia wakubwa wake. Akashuka. Tukawaona wanahangaika humo, huyu anasukuma, yule ananing'inia shingoni, udongo unawamwagikia, suti mbili zimekuwa rangi moja.

"Taratibu, mtoto wa mpishi," akasema Eusebio. "Mikono laini kama andazi."

Maximilian alikuwa anahema. Akamtazama yule mzee aliyemng'ang'ania, na tai yake kichwani, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mngoni, toka. Usipotoka tunakufukia na wewe, na kuku hupati."

Mandawa nzima ilipiga vigelegele. Eusebio akaachia shingo yake, akapiga makofi akiwa ameegemea ukuta wa kaburi. "Anatukana! Mtoto anatukana!"

Vijana wakawavuta wote wawili juu. Padre akaanza sala ya mwisho, akashindwa, akaanza tena, akamwangalia katekista, akashindwa tena. Ladislaus akangoja juani ndani ya jeneza lake mpaka tulipomaliza kucheka, ndipo tukamteremsha.